Historia ya Mama Viti, Aliyesimama Miaka Thelathini na Minne

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mlioegemea ukuta kule nyuma, familia imenituma mimi, dada yake mkubwa, niwasimulie maisha ya marehemu mdogo wangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Viti, na nitayasema kama yalivyokuwa, kwa sababu mwenyewe hakupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi kazi hiyo sikuwahi kuiweza.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, baba yetu akiwa mfagiaji wa stesheni hiyo na mama yetu akifua nguo za watu, na kwa kuwa mama alirudi kwenye karai lake kabla mtoto hajatimiza miezi miwili, mimi niliyekuwa na miaka tisa niliachishwa darasa la tatu ili nimbebe mgongoni, na alikuwa mzito, sitadanganya mbele ya jeneza.

Alianza shule mwaka 1958 na kumaliza darasa la saba mwaka 1964, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, mwandiko wake ulikuwa mzuri, mdomo wake ulikuwa mrefu, na kila jioni alirudi akanisomea alichojifunza huku mimi nikimenya viazi, akaninyooshea kidole kama mwalimu, nami nikamwambia kidole hicho nitakitia sufuriani.

Tarehe 2 Januari 1970 aliajiriwa kuwa mhudumu katika shule ya msingi iliyo mkabala na kiwanda cha nguo, kazi yake ikiwa kufagia madarasa, kupiga kengele, na saa tisa na nusu kuwatoa watoto wote nje na kufunga geti kwa kufuli, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na sita bila kuonywa hata mara moja, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2006. Naomba mlikumbuke hilo la kufuli. Mtu huyu mnayesema aliwafungulia watoto milango, mshahara wake ulikuwa wa kuwafungia.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1975 na shemeji yangu, dereva wa lori la kiwanda, mtu mpole aliyependa chakula chake na kiti chake, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1977, ambaye sasa anafanya kazi ya maabara, na mvulana aliyezaliwa mwaka 1980, ambaye ni seremala, na wajukuu watano, ambao wote wapo hapa na wawili kati yao wanatafuna kitu, nimewaona.

Sasa nafika kwenye habari ya chumba. Mwezi wa Januari mwaka 1985, siku ya mvua kubwa, marehemu alifunga geti kama kawaida, akamkuta mtoto wa kike wa darasa la nne amechuchumaa chini ya ukuta wa kiwanda, daftari kalifunika kwa sketi yake mwenyewe, anafanya hesabu za kuzidisha huku akimsubiri mama yake atoke zamu ya saa kumi na mbili, na marehemu alipomwambia aende nyumbani, yule mtoto akamjibu, "Nyumbani kumefungwa, na hapa umefunga wewe." Alikuja kwangu jioni ile akiwa amelowa mpaka kwenye mifupa, akaomba chumba changu cha uani, kile kinachofungukia uchochoroni, ambamo marehemu mume wangu aliweka baiskeli mbovu na mikeka iliyoliwa na panya, nikamwambia mwezi mmoja, siyo siku zaidi, akasema, "Mwezi mmoja, dada, nakuapia." Mwezi huo ulianza Jumatatu tarehe 4 Februari 1985 na mpaka leo haujaisha.

Siku ya kwanza walikuja watoto saba, wakakaa chini kwenye saruji, na marehemu akaona kwamba mtoto aliyekaa chini anaandika kama kuku anayechakura, basi akazunguka mtaani nyumba kwa nyumba kuomba viti, siyo vya kupewa bali vya kuazimwa, kila nyumba kiti kimoja, kwa sharti moja ambalo wengi walilicheka, kwamba kiti hakiji peke yake. Ukiazima kiti, unakuja na wewe, alasiri moja kila wiki, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, unakaa kando ya mtoto aliyekalia kiti chako, na kwako wewe lipo benchi.

Wa kwanza kuingia mtegoni alikuwa mumewe. Alirudi safari akakuta kiti chake cha kulia hakipo, akala amesimama siku tatu, ya nne akanijia uani ananiuliza, "Shemeji, kiti changu kiko wapi?" nikamwonyesha kwa kidole, akaingia, na tangu Alhamisi ile akawa anaingia kila Alhamisi mpaka alipofariki mwaka 2006. Wa pili alikuwa mwenye bucha, aliyekataa kabisa, akisema hesabu anazozijua ni za mizani na shule aliacha darasa la nne, na marehemu akamwambia maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kuliko jina langu, "Hujui, ndiyo maana nakutaka. Wewe muulize tu, hapo umefanyaje, na usimwachie mpaka uelewe." Basi yule mwenye bucha, mikono inanuka mafuta ya ng'ombe, akakaa kila Jumanne anauliza hapo umefanyaje, na watoto wakawa wanamweleza sehemu na desimali mpaka jasho linawatoka, kwa sababu mtu huyo ni mgumu kuelewa, naye anakubali, ametikisa kichwa pale mbele.

Viti vikaongezeka, cha kinyozi, cha mkunga, cha fundi saa, kila kimoja kimeandikwa chini yake kwa rangi nyeupe kimetoka kwa nani, na kiwanda kilipofungwa mwaka 1998 akina baba ambao saa kumi hawakuwa na pa kwenda wakaja na viti vyao wenyewe bila kuombwa, mtaa ukanyamaza vizuri jioni, viti vikafika arobaini na kimoja. Sitasema watoto wote walinyooka. Mmoja aliiba taa ya chumba, akairudisha, akaiba tena. Lakini yule wa daftari chini ya sketi ni muuguzi, na ndiye aliyemgeuza marehemu kitandani hospitalini, na mwenye kuiba taa anafunga umeme majumbani na amekaa mstari wa tatu, hataki nimtaje na sikumtaja.

Kiti cha arobaini na mbili hakikuwepo, na hapa nitasema langu. Kwa miaka thelathini na minne chumba kilikuwa changu na mimi sikuazima kiti. Watu walidhani ni uchoyo na nikawaacha wadhani hivyo, kwa sababu uchoyo una heshima kuliko ukweli, na ukweli ni kwamba niliogopa mtoto wa miaka kumi asije akanipa daftari lake nikalishika juu chini. Marehemu alijua. Hakuniambia kitu, ila kila mwaka siku ya kufungua alipita mlangoni kwangu na kuuliza, "Dada, mwaka huu vipi?" nami nikamjibu kwamba kiuno kinaniuma.

Yeye mwenyewe kiti hakuwa nacho. Kiti kilichotoka nyumbani kwake kilikuwa cha mumewe, na baada yake cha mvulana wao, vingine vyote vina wenyewe, na benchi limejaa, kwa hiyo alisimama, kila siku ya juma, kwa muda wa saa mbili, hata baada ya kustaafu. Tarehe 21 Agosti 2017 miguu ilivimba mpaka viatu vikagoma, daktari akasema moyo umepanuka, akampa dawa na kumwambia akae, akarudi akaniambia, "Nikae wapi? Vyote vina wenyewe." Nilimwambia aache upuuzi, kiti ni kiti, akanijibu kwamba siku akikaa kwenye kiti cha mtu, mwenyewe atapata sababu ya kutokuja. Hali ilibadilika Alhamisi tarehe 28 Machi mwaka huu wa 2019, akalazwa, na Jumanne tarehe 9 Aprili, saa tatu na robo asubuhi, alifariki, mimi nikiwa nimemshika mguu na binti yake akiwa amemshika mkono.

Jumatano asubuhi kabla ya chai alikuja kinyozi, kavaa shati safi, akasema, "Pole, dada. Nimekuja kukichukua kile kiti, tusije tukakusumbua kwenye msiba." Mtaa wetu ni wa watu wenye adabu, kitu ulichomwazima mtu akifa unakichukua mapema, usingoje warithi wakitolee macho, na mimi badala ya kusema ngoja nikasema, "Chukua." Nilikuwa nimechoka, na nilijiambia kwamba sasa nitapata chumba changu niweke magunia. Baada yake akaja fundi saa, akaja mkunga, nikawaambia chukueni, na kufikia saa saba mchana vilikuwa vimeondoka viti kumi na tisa, vyote kwa ruhusa yangu, na wenye viti wakaondoka navyo.

Saa kumi watoto walikuja. Hakuna aliyewaambia wasije, na mimi nilikuwa nimesahau kufunga, kwa sababu kufunga ilikuwa kazi yake. Waliingia, wakaangalia, wakubwa wakawapa wadogo viti vilivyobaki, wengine wakakaa chini kwenye saruji kama wale saba wa kwanza, wakafungua madaftari bila mtu mzima hata mmoja chumbani, nami nikasimama mlangoni nikitafuta namna ya kuwaambia kwamba imekwisha. Msichana mmoja, mwenye pengo mdomoni, akaniuliza, "Bibi, chako ni kipi?" Nikamwambia sina. Akafikiri, akasogea, akapiga saruji kwa kiganja, akasema, "Basi kaa hapa, nikueleze." Nikamwambia mimi sijui hayo mambo, nimeishia la tatu, akasema, "Ndiyo vizuri."

Nilikaa. Kuinuka ilikuwa shughuli, walinivuta watatu. Nilimuuliza hapo umefanyaje, akanieleza, nikamuuliza tena, akanieleza tena kwa hasira kidogo, na katikati ya maelezo akajikuta amekosea, akafuta mwenyewe. Mimi sikufanya lolote. Sasa najua kwa nini mwenye bucha alikuwa anarudi kila Jumanne.

Jana Alhamisi kamati ya mazishi ikagundua kwamba waombolezaji hawana pa kukaa, vijana wakatumwa nyumba kwa nyumba kuomba viti, na vile viti kumi na tisa, vilivyotoka kwa mlango wa nyuma kwa adabu, vikarudi kwa mlango wa mbele kwa adabu ileile. Vingine ishirini na viwili vilitolewa chumbani. Mmevikalia. Asiyeniamini ainame achungulie chini yake, ataona rangi nyeupe, na mwenye bucha usijisumbue, umekalia cha mkunga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, ambao hawakumdanganya wala hawakumkaripia, inawashukuru walimu na wahudumu aliofanya nao kazi shuleni, waliokuja na kengele yake ambayo mmeiona pale juu ya jeneza, inawashukuru majirani kwa maji, kwa kuni na kwa kulala sakafuni pamoja nasi, na inawashukuru wenye viti wote, waliopo na waliotangulia, kwa kila alasiri waliyokuja wakakaa wakauliza. Kwa upande wangu naomba radhi kwa neno chukua, lilitoka kinywani mwangu na nimelirudisha hapa mbele yenu.

Tukitoka makaburini, kila mtu abebe kiti alichokalia, cha kwake au cha mwenzake, akipeleke uani kwangu, mlango uko wazi na magunia nimempa mtu mwingine. Jumatatu saa kumi watoto watakuwepo. Cha kwangu kimeshafika, ni kile cha jikoni chenye mguu uliofungwa waya, jana mwanangu seremala amekikaza, na chini yake nimeandika mwenyewe kwa rangi, herufi hazikulingana, lakini linasomeka: Dada. Mimi nimechukua Jumatatu.

Mdogo wangu, nilikubeba mpaka ulipojua kutembea, na baada ya hapo hukukubali tena kuketi. Umesimama vya kutosha. Leo kaa chini, nyoosha miguu, upumzike kwa amani.