Barua ya Sifa Niliyomwandikia Mtu wa Saro Yangu

Ndugu zangu, mpaka kufika hapa Bomani nimezunguka sana, lakini nitawasimulia safari moja tu. Nilitoka Itiryo na sanduku la bati, nikavuka Mto Mara kwa kivuko, nikalala Musoma, kisha nikapanda lori la pamba hadi kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Mbalibali. Siku nne. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, cha tano sikuchaguliwa, na kijiji kilihitaji karani. Mpaka leo nikikumbuka nyasi za kule baada ya mvua, natamani kurudi.

Huko nilimkuta mtu wa saro yangu. Wageni mnielewe: sisi Wakurya, mliotahiriwa pamoja ni ndugu mpaka kaburini, na ndugu huyo humdanganyi. Yeye alifika kidato cha sita, na pale kijijini alikuwa fundi wa pampu ya maji.

Siku moja aliingia ofisini na fomu ya chuo kikuu, akaniita mura, yaani kijana, kama tunavyoitana Wakurya.

"Mura, wewe umetembea. Uhandisi nikausomee ng'ambo au hapa nyumbani?"

"Ng'ambo ndiko kwenye jina."

"Jina halichoti maji. Kule mwaka mzima utajifunza lugha yao, na mashine zao ni za nchi ya barafu. Chuo chetu kinawapeleka wanafunzi kazini kila likizo. Kwangu hicho ndicho bora."

Alichagua kama mtu anayechagua ng'ombe zizini mwake. Mimi hakuna chuo kilichowahi kuningoja. Nawaambia kweli, nilimchukia hata kwa jinsi alivyoshika kalamu.

Siku zile, aliyekuwa kazini hakwenda chuoni bila barua ya kijiji, na mwandishi wa barua nilikuwa mimi. Ningemwandika vibaya, wangenishtukia. Nikaandika sifa: "Ndugu huyu ni nguzo yetu. Bila yeye pampu itakufa, na watu watarudi kunywa maji na ng'ombe." Mzee mwenyekiti alisoma, akafurahi, akagonga muhuri. Wilayani nao wakasoma, wakajibu: mtu muhimu hivyo abaki kwanza.

Alinijia na jibu lile, mikono imejaa grisi. "Asante, mura. Sikujua unanithamini hivi."

Angenitukana ningelala. Asante ile ilinikatalia chakula. Mama mmoja aliyekuwa akinipikia aliona ugali unarudi mzima.

"Umelogwa?"

"Hapana, mama. Aliyeloga ni mimi." Nikamweleza yote.

"Kamwambie mwenyewe," akasema. "Mimi si wa saro yako."

Nilimkuta pampuni, nikasema. Alijaza ndoo mbili, kisha akanitupia spana. "Umeandika itakufa bila mimi. Haya, vua shati, ujifunze."

Nilijifunza msimu mzima, tena kwa kufokewa. Nilipoweza kuifungua na kuifunga peke yangu, nilisimama mbele ya mkutano wa kijiji, nikakiri, nikaomba kuandika barua nyingine.

"Safari hii punguza sifa," mwenyekiti akasema, na watu wakacheka. Mwaka uliofuata mwenzangu akaenda.

Namshukuru mwenyekiti yule kwa kuniachia kalamu. Namshukuru mama, kwa kukataa kunibebea aibu yangu. Na huyo mwenzangu sijui nimshukuruje. Msidhani niliamka siku moja wivu umekwisha. Nilichojifunza ni kwamba ukiuficha utavaa nguo za sifa, na watu watakushukuru huku unaua. Utaje mapema, tena kwa mwenyewe.

Nilikaa pale hadi miguu ikaanza kuniwasha. Siku niliyoondoka moja kwa moja, alikuwa amekuja likizo. Alinisindikiza hadi kwenye lori, akinisimulia daraja walilokuwa wakilipima na wenzake wa chuoni. Nikasikia moto ule ule kifuani.

"Mura, nakuonea wivu," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Panda, lori linaondoka."