Mama Klipu, Zima Simu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya hospitali yetu, Mama Klipu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Ofisi iliniomba niandike salamu hizi kwa furaha. Nimejaribu, lakini nina hasira, mtanivumilia.

Alianza kama karani wa kupokea sampuli. Mashine za kupima damu zilipoletwa, kila moja na kebo yake ya kuiunganisha na kompyuta, yeye ndiye aliyekaa nazo mpaka zikaelewana. Skripti, yaani zile programu ndogo zinazopokea majibu kutoka kwenye mashine na kuyapeleka wodini ni kazi ya mikono yake.

Jina alilipata kwa ile klipu ya kubania karatasi aliyokuwa akiivaa shingoni pamoja na kitambulisho. Skripti ikikwama, sisi tulikuwa hodari wa kuitukana mashine. Yeye alichomoa kebo kwenye mashine, akaunganisha kwa klipu pini mbili za ncha yake, ya kutuma na ya kupokea, halafu akaandika "hodi" kwenye kompyuta. Hodi ikirudi kwenye skrini, kebo ni nzima, ugomvi uko upande wa mashine. Isiporudi, ugomvi uko kwetu. Tulimtania kwamba ni yeye peke yake duniani anayebisha hodi na kujiitikia mwenyewe.

Sasa hasira yangu. Binti yake alipokuwa anajifungua mtoto wa kwanza, Mama Klipu alikuwa likizo, amekaa nje ya chumba cha uzazi. Majibu yakaacha kufika wodini, tukampigia. Akatoka hadi uani kutafuta mtandao, akatuelekeza waya mmoja baada ya mwingine. Kumbe mkuu wetu wa idara alikuwa amehamishia adapta ya kebo kwenye tundu jingine la kompyuta ili achaji simu yake kwenye lile la kwanza! Kompyuta ikaipa adapta jina jipya, skripti ikabaki kulisubiri lile la zamani. Mama Klipu aliporudi ndani, mjukuu alikuwa ameshazaliwa, ameshavishwa, amelala. Mkuu hakuomba hata radhi. Alisema tu, "Si imerudi lakini? Basi yaishe."

Hayakuisha. Tangu siku ile Mama Klipu ameomba apewe mtu wa kumrithisha kazi, akajibiwa kwamba mashine zinajiendesha. Juzi, kwenye kikao cha kuandaa sherehe hii ya kumuaga, mkuu yuleyule akatutoa wasiwasi: tukikwama, tutampigia. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana binti yule ana mimba ya pili na siku zake zimekaribia.

Kwa hiyo nimejifunza kwake, chakula cha mchana mkononi, bila kuomba ruhusa ya mtu. Klipu sasa iko shingoni mwangu.

Asante, Mama, kwa kila jibu lililomfikia mgonjwa kwa wakati. Kapumzike kwa raha na afya. Na ukifika mlango wa chumba cha uzazi, zima simu. Tukikwama, hodi nitabisha mimi.