Bi Lela Kombo na Samaki wa Kaloleni

Ifikapo tarehe 31 Desemba 1958, Bi Lela Kombo atastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu kwa miaka kumi na moja. Hakuna mwingine kati yetu aliyedumu hivyo. Wakurugenzi watatu wamekuja na kurudi kwao, taipureta mbili zimekufa, na paa limeacha kuvuja pale pa zamani likaanza pengine. Yeye alikuwepo.

Kwa wasomaji wageni: Kituo ni tawi la chuo kikuu kilichoko ng'ambo, na kimewekwa katika nyumba mbili kando ya Barabara ya Doonholm, upande wa Makadara. Jina lake kamili halienei kwenye bahasha, kwa hiyo watu wa mitaani wanatuita Ofisi ya Maswali. Chumba cha kwanza hupima uchumi wa nyumbani, yaani watu wanakula nini. Chumba cha pili hupima saikolojia ya kazi, yaani watu wanajionaje wakiwa kazini. Kila mwaka vyumba vyote viwili huandika ripoti ya maendeleo, na kila mwaka maendeleo hupatikana. Tungekuwa watu wa ajabu kuyatafuta kwa mshahara halafu tuyakose.

Bi Lela alizaliwa Pumwani, akaolewa Kisumu, akarudi Nairobi mjane, na Kiswahili cha kwao na Kijaluo cha sokoni. Kwa ndimi hizo mbili aliajiriwa kuwa karani wa maswali mtaani Kaloleni, kwa watu wa reli na wa baraza la mji. Kila mwezi wa Februari alizungukia nyumba zilizochaguliwa, akauliza juma hilo wamenunua chakula gani, akaandika. Walipelekewa habari siku mbili kabla, maana sisi ni watu wa adabu. Kanuni ya kwanza ya kazi ilisema karani asipokee chochote nyumbani mwa watu, na atakayepokea atafutwa. Aliyeitunga hakuwahi kubisha hodi Kaloleni.

Mwaka wa kwanza alipewa maji tu, kwa kuwa walidhani ametumwa na watu wa kodi. Mwaka wa pili alipewa chai. Mwaka wa tatu chai ilikuja na mkate, na kufikia mwaka wa nne alikuwa ameshakuwa mtu wa mtaa, na mtu wa mtaa haondoki bila kula. Wenyeji wake walijua kwamba Mwislamu kama yeye hatakula kuku aliyechinjwa na yeyote tu, na kumtafuta mchinjaji ni shughuli. Samaki hana matata hayo. Basi siku ya Bi Lela kila nyumba ilinunua ngege. Baadaye mtu akavumisha kwamba anapenda wali wa nazi, na nazi nazo zikaingia.

Akiuliza wamenunua nini, walijibu samaki, mchele, nazi na sukari. Aliandika hivyo hivyo. Hakuna aliyesema uongo hata mmoja, na hilo ndilo jambo la kutisha katika sayansi yetu.

Sisi wa hesabu katika chumba cha kwanza tuliona mstari ukipanda mwaka hadi mwaka. Tuliandika kurasa nzima juu ya mapenzi mapya ya watu wa Kaloleni kwa samaki, tukayaeleza kwa ubora wa mabehewa ya kutoka Kisumu. Mwandishi wa makala haya, aliyejifunza asilimia kwa masomo ya posta, ndiye aliyeuchora mstari ule kwa wino mwekundu, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa ili aufaidi. Wenzetu wa chumba cha pili wasitucheke. Karani wao Opiyo aliwauliza wafanyakazi wa karakana fulani kama wana furaha kazini, na karibu wote wakasema wanayo. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma ya Opiyo. Ripoti haikumtaja.

Mwezi wa Machi 1956 tulikwenda, kama desturi, kuisoma ripoti katika ukumbi wa Kaloleni mbele ya watu walioulizwa. Mkurugenzi wakati huo alikuwa Daktari Thornley, mtu mpole, aliyeupenda mstari ule kuliko hata mchoraji wake. Alisema kwa Kiingereza, Bi Lela akageuza kwa Kiswahili. Alikuwa na habari njema, alisema. Kamati ya waajiri ingekaa mwezi wa Mei kupanga mishahara, na ripoti yetu ingewekwa mezani. Kwa kuwa chakula cha Kaloleni kimekuwa kizuri namna hii, huenda ile posho inayoongezwa juu ya mshahara haihitajiki tena. Aliyasema kwa kuwapongeza. Bi Lela aliyafikisha mpaka mwisho, sauti ikizidi kushuka.

Posho ile ndiyo iliyokuwa unga wa mwisho wa mwezi. Kisha akasimama Apondi, mke wa fundi wa reli, mtoto mgongoni.

"Bi Lela, dada yangu, mwambie Bwana Daktari samaki wale uliwala wewe."

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja akakumbusha kwamba asisahau nazi. Mzee wa benchi la nyuma akataka kujua ni nani katika watu wa reli anayekula wali wa nazi siku ya Jumanne. Daktari naye akatabasamu, maana kicheko kinaambukiza, akauliza wanasema nini.

Kiswahili cha Daktari kilitosha kuagiza chai tu. Bi Lela angeweza kumwambia kwamba watu wanashukuru, na mambo yangeishia hapo: posho ingeondoka, kazi yake ingebaki. Sisi makarani wa mstari wa mbele tulielewa kila neno, na sote kwa pamoja tukaanza kuvichunguza viatu vyetu.

"Wanasema samaki niliwala mimi," alimwambia. "Na wanasema kweli. Kila nyumba, kila mwaka."

Daktari alimuuliza kama anaijua kanuni ya kwanza. Alijibu kwamba anaijua vizuri, yeye ndiye aliyeitafsiri.

Aliambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Ofisini tulifanya mikutano. Chumba cha uchumi kilisema hilo ni jambo la saikolojia, chumba cha saikolojia kikasema ni jambo la samaki. Tulikuwa tungali tukibishana Bi Lela alipoingia bila kuitwa, akaenda moja kwa moja kwa Daktari. Ramadhani i karibu, alimwambia. Apewe karatasi azungukie nyumba zile zile upya, bila kupeleka habari kabla, na akiwa amefunga hakuna atakayempikia. Halafu wamfute wakitaka.

Alizunguka mwezi mzima, midomo mikavu. Jua likikaribia kuzama ilikuwa mbio, kwa sababu mtaa ulikuwa umepata habari ya futari. Apondi alimngoja njiani na sahani iliyofunikwa, na Bi Lela, mwanamke wa heshima na umri wake, akapita nyuma ya nyumba, kando ya mtaro, ili asimkute.

Mstari ulianguka ukakaribia pale ulipoanzia. Mwandishi aliuchora tena, safari hii bila kuufaidi. Juu yake tuliacha neno Maendeleo, kwani kichwa kilikuwa kimeshapigwa chapa. Kamati ilikaa, ikaiacha posho kama ilivyokuwa. Haikuongeza hata senti, na sisi hatujidai. Daktari hakumfuta Bi Lela. Alimtaka tu ahadi kwamba hatakula tena katika nyumba anayoiuliza, na tangu siku ile hakula.

Ndiyo gharama aliyoilipa, na hakuna ripoti iliyoiandika. Alipita Kaloleni na viazi vyake mkobani, akikataa hata chai. Mwaka uliofuata Apondi alimnyima kiti. "Ulituponza kwa kula," alimwambia mlangoni, "sasa unatuvunjia heshima kwa kutokula." Bi Lela aliuliza wamenunua ratili ngapi za unga. Tangu hapo Apondi alimjibu amesimama, na wawili hao waliokuwa wakicheka mpaka majirani wanagonga ukuta waliagana kwa neno moja.

Amemfundisha Anyango, atakayeshika nafasi yake. Somo la kwanza lilikuwa kushiba nyumbani kabla ya kutoka.

Juma lililopita Anyango alileta ujumbe kutoka kwa Apondi: anauliza Bi Lela anaacha kuwa mtu wa Ofisi siku gani hasa. Tulijibu kwa heshima zote, tarehe thelathini na moja. Ujumbe wa pili ulifika jioni ile ile. Chakula ni tarehe mosi Januari, saa saba mchana, kwa Apondi, na nyumba nyingine zimeshapanga foleni nyuma yake. Kituo hakikualikwa, na kwa haki. Bi Lela alimuuliza Anyango kama Apondi aliyasema hayo kwa mdomo wake mwenyewe. Alipoambiwa ndiyo, alikaa kitako juu ya rundo la ripoti zetu za maendeleo, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kumwomba ainuke.

Bi Lela, tunakushukuru kwa majibu yote uliyotuletea, na zaidi kwa lile moja ulilolitoa ukumbini tukitazama viatu. Tunakutakia afya, miaka mingi, na hamu ya kula. Ule polepole, mama. Hakuna anayeandika.