Dokta Insaf na Damu za Waliofunga

Baba zetu makasisi, ndugu, majirani, na ninyi wenzake wa hospitali, mimi ni Nassif, mdogo wake marehemu, nimepewa karatasi hii niisome na nitaisoma hata sauti ikinikatika.

Dokta Insaf Labib Hanna alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa mjini kwetu Mallawi, akasoma hapa hapa, na mwaka 1979, wiki ya mtihani wake wa mwisho, baba yetu Mwalimu Labib akafariki kwa saratani ya kongosho iliyogunduliwa ikiwa imeshasambaa, ndipo dada akasema atausaka ugonjwa huo kabla haujajionyesha.

Alisomea udaktari katika chuo kikuu cha Asyut, akahitimu mwaka 1986, akafunga ndoa na Mhandisi Adly tarehe 23 Oktoba 1988, wakajaliwa binti mmoja, Irini, na maisha yake yote ya kazi alitafuta katika damu dalili za mwanzo za saratani hiyo, hasa kwa watu wazima wanaopata kisukari ghafla huku wakikonda.

Kwaresima ya mwaka 2011 utafiti ulikuwa tayari kutangazwa, mkuu wake ameshaalika wageni, naye akaniita nitoe damu ya mwisho ya kulinganisha, kama mtu mwenye afya.

"Umefunga?"

"Tangu Jumatatu!" nikajibu kwa majivuno.

"Nassif, mbona unanuka vitunguu?"

"Si maharage tu, dada. Kwani maharage yamekuwa nyama lini?"

Wenzetu Waislamu mtatusamehe, sisi tukifunga tunaacha nyama na maziwa, maharage yanapita. Dada aliiweka sindano mezani, maana swali lilikuwa lile lile waliloulizwa wagonjwa wote, na hakuna tena aliyejua nani alitoa damu akiwa na njaa na nani alikuwa ameshiba.

"Nyamaza, Insaf," mkuu wake akamwambia, "nani atajua?"

"Atakayekufa kwa kipimo changu."

Akaufuta utafiti wote, cheo alichoahidiwa akapewa mwingine, yeye akapachikwa jina la Dokta Maharage, na waliompachika wengine mmo humu ndani, mmevaa nyeusi, nawaona. Alianza upya, akauliza kila mtu alichokula tangu aamke, akamaliza mwaka 2019, na wapo waliogunduliwa mapema kwa kazi ile ambao leo wamelibeba jeneza lake.

Novemba 2023 alianza kukonda, sukari ikapanda, akajua kabla ya kuambiwa, lakini saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini, na hapo mimi nilimkasirikia Mungu, sifichi.

"Alianza baba, sasa mimi," akaniambia kitandani. "Nenda kapime."

"Pona kwanza, dada."

"Usinichekeshe, mbavu zinauma. Nenda, majibu yako nitayasoma mwenyewe."

Nilikwenda Jumatatu bila kutia kitu mdomoni, sukari ikaonekana juu, nikapigwa picha ya tumbo, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, kabla majibu hayajatoka, dada akafariki mikononi mwa Adly na Irini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake, hasa Dokta Hanan, ambaye kesho asubuhi atanisomea majibu yangu, na ambaye tangu tuingie kanisani hajanitazama usoni.

Pumzika, Dokta Insaf. Sisi wengine bado tunapimwa.