Miaka Niliyoogopa Jembe

Wazee mnaonizidi, shikamooni. Ninyi wengine nimeshawaitikia pale mlangoni. Mchungaji amenipa nafasi hii, nami nimemwahidi kwamba nitasema yaliyonipata tu, kuhubiri nitamwachia mwenyewe. Majina ya watu sitayataja.

Wengi hapa Nyantakara mnanijua kama mkulima wa mahindi na maharage. Wachache mnajua kwamba nilikwenda vita vya Kagera. Nilikuwa kijana wa mgambo. Tulichukuliwa vijijini, tukafundishwa wiki chache, tukavushwa mto. Vita vyenyewe sitavisimulia. Nitasimulia asubuhi moja.

Tulikuwa tunachimba handaki kando ya barabara. Sururu ilikuwa moja kwa watu wawili, tunapokezana. Mwenzangu alikuwa Mhangaza wa Ngara, mtu wa utani, tuliyezoeana naye tangu mafunzoni. Viganja vyangu vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka, na zamu ilikuwa yangu. Akaniambia nimpe yeye, nipumzishe mikono. Nikampa. Nikaenda hatua kadhaa kuchukua maji, na sururu ikagusa bomu lililokuwa limetegwa ardhini. Mimi nilipata jeraha begani, likapona. Yeye alikufa palepale.

Vita vikaisha, nikarudi, nikaoa, baba akanikatia shamba. Mvua za kwanza ziliponyesha majirani walikuja tulime pamoja, kama tunavyofanya hapa. Jembe langu likagonga jiwe. Nilipopata fahamu nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye udongo, mikono kichwani, na watu wanacheka. Sikuwalaumu. Mtu mzima kujitupa chini kwa sababu ya jiwe, hata mimi ningecheka. Nikasema nimeteleza.

Ndugu zangu, nawaambia, tangu siku ile sikulima tena kwa karibu miaka ishirini. Nilijaribu. Nilikuwa nabeba jembe mpaka shambani, nalinyanyua, na mikono inakataa kulishusha. Nikawaambia watu mgongo unaniuma. Baadaye nikahamia Lusahunga, nikawa napakia na kupakua mizigo ya malori na kuwauzia madereva ndizi. Pale chini ni lami, na hakuna anayekuambia uchimbe. Nilikuwa nakuja nyumbani mara moja kwa wiki, mara nyingi nimelewa.

Shamba lilibaki la mke wangu. Alilima akiwa mjamzito, akalima na mtoto mgongoni, akapalilia, akavuna. Nilikuwa naketi barazani namwangalia. Baba yangu alifariki akiamini alizaa mvivu. Hilo siwezi kulirekebisha, nalisema tu kwa sababu ni kweli.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikumwambia mke wangu. Ningemwambiaje kwamba naogopa shamba la baba yangu mwenyewe? Na ningemwambia habari ya bomu, ningelazimika kumwambia na habari ya zamu. Nikanyamaza.

Kisha mwaka mmoja, mvua zikiwa zimeshaanza, mke wangu aliteleza akitoka kuteka maji bondeni, akavunjika mkono. Akapelekwa hospitali Biharamulo, wakamfunga plasta, akabaki kwa dada yake hukohuko mjini apone. Watoto waliobaki nyumbani walikuwa bado wadogo. Chakula ghalani kilikuwa kinaisha. Majirani wote walikuwa kwenye mashamba yao, na nani angemlimia mtu aliyekwishaitwa mvivu?

Nikachukua jembe nikaenda. Nilisimama mwanzo wa shamba tangu asubuhi mpaka jua likawa kali. Watu walipita njiani, wakanisalimia, wakaenda zao.

Jirani yangu mmoja hakupita. Alikuwa mtu aliyetoka Burundi, akaishi kambini Lukole, kisha akaoa kwetu akabaki. Tulikuwa tunasalimiana tu. Alikuja akasimama kando yangu, akatazama nilipokuwa natazama. Halafu akaniuliza:

“Mzee, unaogopa kuna nini humo ndani?”

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote walikuwa wakiuliza habari ya mgongo. Nikajikuta namweleza yote, handaki, sururu, zamu. Sikulia. Nilisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Aliponisikiliza mpaka mwisho hakunipa pole, wala hakuniambia kwamba si kosa langu. Alisema wakati wanakimbia kwao walipita kwa mstari, na kila mtu alikanyaga alipokanyaga wa mbele, kwa kuwa njia zilikuwa zimetegwa.

Akaenda nyumbani kwake, akarudi na jembe lake. Akalima mstari mmoja mpaka mwisho wa shamba. Akarudi akaniambia:

“Nimeshapita. Lima nilipolima mimi.”

Jembe likashuka. Nililima udongo ambao ulikuwa umeshalimwa. Yeye anatangulia, mimi nafuata, siku nzima. Waliopita waliona wanaume wawili wanalima mstari mmoja mara mbili, wakadhani tumerukwa na akili. Siku ya pili tukafanya vilevile, na ya tatu. Siku ya nne niliona ameanza kuniachia kipande kisicholimwa katikati ya mstari, upana wa unyayo. Nilikilima. Kesho yake vipande vikawa vipana zaidi.

Siku ya sita jembe langu likagonga jiwe.

Nilianguka kama zamani. Nikatapika. Nilipoinua kichwa, jirani alikuwa ameketi chini hatua mbili kutoka nilipokuwa, anasubiri. Akaniuliza kama nataka kurudi nyumbani. Nikasema hapana. Akalifukua lile jiwe kwa mikono, akanipa nilishike, nikalitupa nje ya shamba. Tukaendelea mpaka mchana. Kabla wiki haijaisha nilipanda maharage.

Mke wangu aliporudi aliona shamba limeota. Akauliza nani amelima. Nikamwambia nimelima mimi, nyuma ya jirani. Akasema nisimfanyie mzaha. Ndipo nikamketisha nikamweleza, pamoja na habari ya zamu. Akasema:

“Miaka yote hii nilidhani unanichukia mimi.”

Ndugu zangu, katika yote niliyowaeleza, neno hilo ndilo lililoniumiza kuliko mengine. Nilidhani ninaficha woga wangu peke yangu, kumbe yeye aliubeba kama chuki. Siku hiyo ndiyo niliyoacha malori. Pombe ilichukua muda zaidi, nisiwadanganye.

Kwa mama wa yule mwenzangu sijawahi kwenda. Ngara si mbali. Nilifika njiani mara mbili nikageuza. Sasa huenda mama mwenyewe hayupo tena. Niombeeni katika hilo, kwa sababu bado.

Namshukuru Mungu aliyeniacha hai, ingawa sijui kwa nini mimi. Namshukuru jirani yangu. Yupo humu ndani, ameniomba nisimwonyeshe kwa kidole, nami sitamwonyesha. Alilima shamba langu lake likisubiri, na msimu ule alichelewa kupanda. Na namshukuru mke wangu, ambaye alituvusha miaka ile yote kwa mikono yake bila kujua ana ugomvi gani na mimi.

Neno langu kwenu ni fupi. Ukimwona mtu amesimama mbele ya kazi yake na haifanyi, muulize anaogopa nini, kisha tulia usikie jibu. Na wewe unayeogopa, mwambie aliye ndani ya nyumba yako kwanza, usingoje miaka ishirini kama mimi.

Mkiniuliza kama nimepona, nitasema ninalima. Kila msimu, kabla ya jembe la kwanza, bado nasimama kidogo. Mke wangu anajua, hunisubiri. Halafu tunaanza.