Dada Tone na Mstari wa Saba

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono leo, mimi ni mdogo wake marehemu, mama yetu alituzaa wawili tu, na nimeomba nisome mwenyewe ingawa wanawe wana sauti nzuri kuliko yangu, kwa sababu karatasi iliyoandaliwa na familia ina neno moja lisilo la kweli, na anayelijua ni mimi.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Dada Tone, alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akiwa kifungua mimba wa fundi cherehani. Alipokuwa na miaka tisa alichovya ncha ya kitambaa cha jikoni kwenye ndoo iliyojaa, akaiacha ncha ya pili ining'inie nje hadi chini, asubuhi mama akakuta maji yamehamia sakafuni, akamchapa, naye huku akilia akawa anauliza nani aliyeyapandisha. Jibu alilitafuta maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1966, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo cha mafundi wa maabara alikotunukiwa stashahada tarehe 28 Novemba 1973, na Jumatatu ya tarehe 7 Januari 1974 akaanza kazi katika maabara ya vipimo, chumba namba nne, chenye dirisha moja na bomba lililovuja hadi alipostaafu.

Humo ndimo alimochonga kwenye vioo mifereji myembamba kama unywele, ambayo ukiigusisha tone mdomoni inalivuta yenyewe, bila pampu wala umeme. Maji matupu hayakumpa shida, shida ilikuwa damu iliyochanganywa na chembe za kupimia ugonjwa, maana chembe zikizidi hurundikana mbele na mfereji ukaziba, zikipungua tone linakimbia na kioo hakionyeshi kitu, basi dada yangu alikaa miaka akiwa na saa mkononi, akihesabu sekunde, huku chai yake ikipoa.

Saa hiyo ndiyo iliyomletea mume. Aliipeleka kwa fundi saa, ikatengenezwa siku hiyohiyo, lakini aliirudisha mara tatu ikiwa nzima, bila ubovu wowote, na fundi naye, kwa adabu zake, akaipokea mara zote tatu. Shemeji, usiinamishe kichwa, tunajua. Walifunga ndoa tarehe 11 Agosti 1979, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu wanne.

Tarehe 3 Juni 1996 vioo vyake vilipelekwa kwenye zahanati thelathini pamoja na karatasi ya maelekezo, na kabla ya miezi miwili malalamiko yakarudi, kwingine tone limekwama katikati, kwingine limepita bila kuonyesha chochote, wakati mikononi mwake halikuwahi kukosea. Wakubwa wakasema takwimu amepika. Walimtoa chumba namba nne, wakampeleka kuosha chupa kwa miezi kumi na minne, akajikaza kisabuni, hadi mhandisi mmoja alipomwona akipindua chupa ya maziwa juu chini mara kumi kabla ya kuifungua, akagundua kwamba hata chupa ya chembe aliipindua hivyohivyo, la sivyo chembe hutuama chini. Hatua hiyo haikuwemo kwenye maelekezo. Alirudishwa kazini, vioo vikafanya kazi, lakini kwenye faili lake wakaandika kwamba alisahau, neno ambalo hata karatasi hii ya familia imelirudia, na kwa neno hilo hakupandishwa cheo tena mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2013.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikamvimba, akalazwa mara nne, na wiki tatu kabla ya mwisho nilikaa pembeni ya kitanda chake nikajaribu kumwambia jambo, akanikatiza, akasema analijua tangu siku ya kwanza, nikae kimya nimwekee mto vizuri. Alifariki Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, na nyinyi wenzake wa maabara mliokuja na mkurugenzi wenu. Kwenu nina la zaidi. Mwaka ule wa 1996 mimi ndiye niliyekuwa karani wa kuchapa pale maabara, ningali kwenye majaribio ya kazi, kazi aliyoniombea yeye, mwanangu akiwa mgonjwa, nikaambiwa maelekezo yatoshe ukurasa mmoja, nami nikaona mstari wa saba ni jambo ambalo kila mtu analijua, nikauondoa. Hii hapa karatasi ya mwandiko wake, tumeikuta kabatini kwake, mstari wa saba unasema pindua chupa mara kumi, taratibu, kabla ya kila tone. Aliitunza miaka ishirini na saba na hakumwonyesha mtu, ili mimi nisifukuzwe.

Mkurugenzi, naomba mlifute neno hilo kwenye faili lake. Dada yangu hakusahau, nilifuta mimi, nikamwacha aoshe chupa.

Pumzika kwa amani, dada, na unisamehe kwamba nimesema siku ambayo huwezi tena kunikataza.