Gulandam na Picha ya Majina Saba

Ndugu waombolezaji mlioketi upande huu wa pazia, nanyi wanaume mlio upande wa pili, historia hii inasomwa na Sharifa, mdogo wa marehemu. Hakuna aliyempa kazi hiyo, ameitwaa mwenyewe, kwa sababu ile iliyoandikwa na kaka yao, Ramazan, ina kurasa mbili, mababu wametajwa mpaka wa nne, na jina la marehemu halimo.

Marehemu Gulandam alizaliwa tarehe 3 Machi 1969, wilaya ya Jaghori, mkoani Ghazni, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Nauruz na marehemu Bi Sakina, jina ambalo wengi wenu mnalisikia leo kwa mara ya kwanza. Alisoma pale kijijini kuanzia mwaka 1977 hadi darasa la tano, vita vikaifunga shule, na mwezi Oktoba 1984, akiwa na miaka kumi na mitano, alivuka mpaka na wazazi wake, wakaja hapa Quetta, ambako aliishi miaka thelathini na tisa, mpaka anakufa bado kadi yake ikimwita mkimbizi.

Alianza kufuma mazulia mwaka huohuo, akafuma kwa miaka kumi na minne, kisha mwaka 1998, kifua kilipoanza kukataa vumbi la sufu, akahamia kwenye kuchora nakshi ambazo wafumaji huzifuata, na huko ndiko alikojifunza rangi. Kuanzia mwaka 2006 alifundisha uchoraji katika chumba kimoja mtaani kwetu, wakapita mikononi mwake wasichana sitini na watatu, wote wakimwita Mwalimu Gulandam.

Tarehe 12 Mei 1988 aliolewa na Barat, mwoka mikate, mtu mwema, mpole, na mwoga. Mungu aliwajalia watoto wawili, Nargis aliyezaliwa mwaka 1989, na Yasin aliyezaliwa mwaka 1991, na tangu siku hiyo ukoo mzima ukamwita Mama Yasin, kana kwamba ile miaka miwili ya Nargis alikuwa hajazaa.

Majira ya baridi ya mwaka 2011 alichora picha hii iliyotundikwa nyuma ya msomaji, kwa miezi minne, juu ya magunia ya unga aliyoyaunga na kuyawamba kwenye mbao za mtambo wa zamani wa kufumia. Ni wanawake saba waliofuma pamoja, wameketi mbele ya zulia, lakini wote wamegeuza nyuso kutazama huku, kama watu walioitwa, na chini ya kila mmoja aliandika jina lake, la saba likiwa lake mwenyewe. Ilitundikwa katika ukumbi wa shule ya wasichana tarehe 8 Machi 2012, na haikumaliza siku tatu kabla waume hawajafika mlangoni kwa Barat.

“Mke wangu ameandikwa ukutani kama tangazo la sabuni!” mmoja alifoka, na wenzake wakaitikia kuwa sura si neno, ila jina litatiwa midomoni na wahuni wa sokoni.

“Umeishi naye miaka ishirini,” Gulandam alimjibu, “jina lake limekuwasha leo?”

Barat alimsihi afute yaishe, naye akakataa. Kilichomvunja si wanaume, ni Hakima, rafiki yake wa kufuma, aliyekuja siku iliyofuata, shavu limevimba, akamwambia, “Dada, wewe utabaki na picha, mimi narudi naye nyumbani. Nifute.” Gulandam alichukua kitambaa na mafuta ya taa, akayafuta majina sita kwa mkono wake huku akilia kwa hasira, la saba akaliacha, akasema, “Hili ni langu. Anayelitaka aje na kitambaa chake.” Hakuna aliyekuja.

Mwaka 2019 mapafu yalizidi kumsumbua, akatibiwa kwa miaka minne, na alfajiri ya Jumanne tarehe 14 Novemba 2023 akafariki dunia nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Nargis. Kufika saa tatu asubuhi Ramazan alikuwa amekwisha kubandika matangazo mtaa mzima, “Amefariki mama wa Yasin, mke wa Barat, dada wa Ramazan,” na nyumbani, ilikokuwa imehamishiwa kutoka shuleni, akaigeuza picha hii ikatazama ukuta, wageni wasisome.

Mwanafunzi wake Tahira alilisoma tangazo hilo kwenye duka la mikate, akamwombea rehema mama huyo asiyemjua, kisha akaenda na wenzake darasani kumngoja mwalimu wao. Wakamngoja mpaka adhuhuri, na jeneza likapita chini ya dirisha lao.

Alipoulizwa, Ramazan alisema jina la dada yake si la kubandikwa. Askari wa kizuizi cha barabarani walilisoma kwa sauti miaka yote, kila walipomkagua kadi, naye Ramazan akisimama pembeni, mpole kama kondoo, haya zake sijui alikuwa amezificha wapi.

Familia inamshukuru daktari aliyemtibu, ambaye katika cheti cha kifo aliandika jina kamili bila kuuliza ni mke wa nani, inawashukuru majirani waliopika halua, akina mama waliomwosha, na wafumaji wenzake. Jana Sharifa na Nargis walikwenda kwa mchonga mawe ya makaburi, akawaambia hachongi jina la mwanamke mpaka mwanamume wake atamke. Leo asubuhi Barat alikwenda peke yake, akatamka. Tunamshukuru, ingawa amechelewa miaka kumi na mmoja.

Jiwe litasimamishwa saa tisa alasiri. Ramazan amesema hatakanyaga pale, na asikanyage, wanafunzi wanatosha kulibeba. Gulandam binti Sakina, Mola akurehemu, pumzika kwa amani, sisi tuliobaki bado tuna ugomvi.